Mianya ya Uwanja wa Mama Mkubwa

Magugu ya ndago yalitoka tena Jumatatu, na Mama Mkubwa hakunipigia simu kunijulia hali. Alisema, "Njoo uone kazi yako," akakata.

Kazi yangu. Miaka miwili iliyopita, diploma ya ujenzi ikiwa bado inanuka wino, nilipanga vitofali vya pevingi kwenye uwanja wa chekechea yake. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoifanya bila mwalimu kusimama nyuma yangu na kukohoa. Vitofali elfu mbili na mia nne, vimelala sawa kiasi kwamba ukiweka gololi katikati inafikiria kwanza kabla ya kwenda popote. Tangu siku hiyo hakuna aliyevisifu. Watu hawaoni kitofali. Wanaona kilichoota pembeni yake.

Niliikuta karatasi ya waridi mezani, imekunjwa mara nne. Mkaguzi wa chekechea alikuwa amepita, akaandika kwamba uwanja wa kuchezea una magugu marefu, na upande wa geti una maji yaliyotuama. Alitoa siku kumi na nne. Zikiisha na hali ikiwa ile ile, kibali kinafutwa na watoto ishirini na watatu wanarudi kwao. Nilihesabu tarehe kwa vidole. Zilibaki siku sita.

"Mama Mkubwa, hii karatasi umekaa nayo siku nane?"

"Sikukaa nayo. Niliiweka chini ya daftari la mahudhurio."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani nitayamaliza mwenyewe." Alinionyesha viganja. Ngozi ilikuwa imechubuka kwenye vidole vya kung'olea. "Nayang'oa asubuhi, jioni yananiamkia shikamoo."

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, amemtangulia kwa miaka tisa. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, halafu akaona nyumba imenyamaza mno, akaanza kupokea watoto watatu sebuleni. Sasa sebule ina mikeka ya kulalia, vikombe ishirini na vitatu kwenye misumari, kila kikombe na picha yake: samaki, mwavuli, treni, kwa sababu mwenye miaka mitatu hawezi kusoma jina lake lakini anaijua treni yake. Kibali kikifutwa, vikombe hivyo vitabaki vinaning'inia pale, naye atabaki anavitazama. Hakulisema hilo. Alisema chai imepoa.

Nikatoka uwanjani. Ndago zilikuwa zimesimama kwenye mianya kama watu waliopanga foleni. Mwanya, yaani ile nafasi kati ya kitofali na kitofali, ukiuacha wazi hujaa vumbi. Vumbi likipata mvua linakuwa udongo, na udongo haujawahi kumkatalia mgeni. Kwa hiyo unaujaza wewe kabla upepo haujaujaza. Hayo niliyajua. Niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Kwanza nilikuwa nimejaza mchanga laini wa mto, uliochekechwa na kukaushwa. Ndani ya miezi mitatu mianya ikawa mitupu. Nikarudi na vumbi la kokoto, lile la kijivu, zito, linaloshikana likishindiliwa. Likakaa kidogo, nalo likaondoka. Nililaumu mvua. Nikalaumu sisimizi, ambao kweli huchimba. Siku moja nilimlaumu hata mwenye lori kwamba kaniletea vumbi bovu, tukakosana, na mpaka leo akiniona barabarani anapandisha kioo.

Halafu nikiwa mbali kwenye kazi nyingine, Saruji akaingia.

Saruji ni jirani, fundi mwashi wa siku nyingi. Jina lake halisi nadhani mkewe tu ndiye anayelikumbuka. Ukimwambia ukuta una ufa, atasema saruji. Bati linavuja, saruji. Nina hakika akiumwa jino anamwangalia daktari kwa huruma, kwa kukosa saruji. Alichanganya uji wa saruji na mchanga, akaumimina kwenye mianya yote ya upande wa geti, akasema habari imekwisha. Lakini vitofali vya pevingi havijagandishwa chini. Hukaa juu ya mchanga na gari likipita hutikisika kidogo. Saruji haijui kutikisika. Ikapasuka. Mvua ikakosa pa kuzama, ikatuama. Na katika zile nyufa, ndago zikaota vizuri kuliko mahali pengine popote.

Wakati huo huo alitokea mwenyewe, mikono nyuma, kama mtu aliyepita tu.

"Diploma," alisema. Hilo ndilo jina alilonipa. "Umekuja kumwagilia bustani?"

"Shikamoo, mzee. Naangalia bustani yako hapa getini. Imestawi kuliko yangu."

"Marahaba. Hiyo ilipasuka kwa sababu uliacha mianya mipana. Mtu anaweza kupitisha mkokoteni humo. Ni kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza."

Hapo alinipata, na alijua. Mianya yangu ilikuwa mipana kuliko inavyofundishwa. Mkono wangu ulikuwa mgeni, na nilipogundua nilikuwa nimeshafika katikati ya uwanja, nikaona bora uwanja wote ufanane kuliko nusu iwe na aibu na nusu isiwe nayo.

"Weka saruji tena, nzito," alisema. "Maliza."

"Uliweka."

"Haikuwa nzito."

Nilienda dukani.

Muuza vifaa vya ujenzi alinitolea mfuko wenye picha ya nyumba nzuri ambayo hakuna mtu anayeishi humo. Ni mchanga uliochanganywa na gundi: unaufagilia kwenye mianya ukiwa mkavu, unaunyunyizia maji kidogo, unaganda lakini unabaki na unyumbufu. Magugu hayapati pa kushika. Masharti yake yalijaa upande mzima wa mfuko: usiuloweshe kabla ya wakati, usiuloweshe sana, usiukanyage, acha siku nzima. Muuzaji aliniambia wateja wake wote wanausifia. Nilimuuliza wangapi. Akasema mmoja.

Sikuwa na siku za kubahatisha uwanja mzima. Kwa hiyo nilifanya walichotufundisha kufanya pale usipojua: jaribu padogo. Kwenye kona karibu na chumba cha kulala watoto niling'oa magugu, nikakwangua mianya kwa kisu cha zamani mpaka chini, nikachora miraba minne kwa chaki. Wa kwanza niliujaza mchanga laini. Wa pili, vumbi la kokoto. Wa tatu, ule wa gundi, nikafuata masharti kama mtu anayeswali. Wa nne nilikuwa sina cha kuweka, nikachukua chenga za mawe zilizobaki kwenye toroli, zenye ncha, kila moja kubwa kama chenga ya mchele. Niliziweka ili mraba usikae bure tu.

"Mama Mkubwa, hapa pasiguswe na maji mpaka kesho mchana. Tafadhali."

"Nimesikia."

"Wala watoto wasikanyage."

"Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na moja. Nikisikia, nimesikia."

Jumanne nilifika saa nne asubuhi na njiti ya kiberiti. Ukiitumbukiza kwenye mwanya utajua umepungua kiasi gani. Mraba wa mchanga: njiti ilizama mpaka kwenye kichwa. Vumbi la kokoto: nusu. Ule wa gundi ulikuwa na utando mweupe juu ya vitofali, mgumu, kama uji uliomwagika ukakaukia mezani, na chini ya utando mchanga ulikuwa bado unga. Yaani ulipata maji kabla ya wakati. Sikufika mraba wa nne. Nilikaa chini pale pale.

"Mvua ilinyesha usiku?"

"Mvua gani? Kweupe," alisema Mama Mkubwa kutoka dirishani.

"Nani alimwaga maji hapa?"

"Hakuna aliyemwaga maji."

Watoto walikuwa wamejipanga ukutani wakinitazama. Mwenye kikombe cha mwavuli aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia siku tano.

Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa vipande. Jumatano niliamka mapema, nikafika chekechea jua halijachomoza, nikasimama nje ya geti. Nilitaka kumkamata sisimizi, au paka, au Saruji. Hasa Saruji.

Nilimwona Mama Mkubwa. Alitoka na kanga kiunoni na fagio la njiti, lile gumu, amelifunga upya kwa mpira ili lisiachie. Kwanza alinyunyiza maji uwanja mzima kwa kopo ili vumbi lisipande. Hakumwaga, alinyunyiza, na kwa hilo hakunidanganya. Halafu akainama. Sijui kama umewahi kumwona mwalimu mstaafu akifagia. Hafagii juu ya vitofali. Alifuata mwanya mmoja mmoja, kwa ncha za njiti, kwenda na kurudi, kana kwamba anasugua meno ya mtoto asiyetaka kufungua kinywa. Kila alipopita, mchanga wangu ulitoka mwanyani ukajipanga nyuma yake kwa mstari mzuri. Aliufuata na kizoleo, akautia kwenye ndoo. Ndoo ilipojaa akaibeba mpaka kwenye kona ya pili ya uwanja, kwenye sanduku la mchanga la watoto, akaimimina.

Nilisukuma geti. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile sanduku. Nilipolitengeneza miaka miwili iliyopita lilikuwa na ubao mmoja kwenda juu. Sasa lilikuwa na mbao tatu, na limejaa mpaka ukingoni. Nilichota kwa mkono. Mchanga laini wa mto. Vumbi la kijivu la kokoto. Nilikuwa nimesimama mbele ya kazi yangu yote.

"Umeamka mapema," alisema, ameridhika. "Unaona? Tangu ulipojenga uwanja huu sijawahi kununua mchanga wa kuchezea. Unatoka wenyewe."

"Mama Mkubwa."

"Nimeongeza mbao mara mbili."

"Mama Mkubwa, huo ni mchanga wa mianya."

"Si ndiyo? Ulikuwa unaleta mwingi mno, unazidi."

Mama Mkubwa hakemewi. Huombwa, na akiombwa vibaya ni sawa na kukemewa. Nilijaribu kuomba. Nilimweleza kwamba mwanya mtupu ndio shamba lenyewe, kwamba ndago alizong'oa kwa vidole vilivyochubuka alizilimia mwenyewe kila alfajiri. Labda nililitumia neno "kosa". Nadhani nililitumia mara mbili. Nikasema itabidi aache kufagia, walau kwa mwezi mmoja.

Alilisimamisha fagio kama bakora.

"Niache kufagia."

"Mwezi mmoja tu."

"Nimefagia uwanja kabla mama yako hajaota jino. Nimefagia siku nilipofiwa na mume. Wazazi wakileta watoto saa moja wakute majani na vumbi, wataniachia mtoto? Wewe ungeniachia?"

"Hapana, lakini—"

"Basi tafuta mchanga unaojua kukaa. Fagio halina kosa. Fagio limekuwepo kabla ya diploma."

Akaendelea kufagia, na safari hii kwa hasira, akisugua mianya mpaka njiti zikalia. Alipita mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne akaupiga pia, kwenda na kurudi, akarudi tena, akazoa.

Nyuma yangu mtu alikohoa. Saruji alikuwa ameegemea geti, kikombe cha chai mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema taratibu, asisikike na mwenye fagio.

Nilitaka kumwambia aende na methali yake. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kizoleo. Kilikuwa na vumbi, jani moja, na kibanio cha nywele cha mtoto. Hakukuwa na chenga hata moja. Nilipiga magoti kwenye mraba wa nne, nikatoa njiti ya kiberiti. Haikuzama. Zile chenga zenye ncha zilikuwa zimeng'ang'aniana humo ndani, moja imemkaba mwenzake, na fagio lilipita juu yao kama mtu anayepita mtaa usio na jamaa zake. Maji ya kopo yalizama yakaenda zake. Nilibonyeza kwa kidole. Zilikataa.

Kitu nilichokiweka kwa kukosa kingine. Miaka miwili ya mchanga laini, na jibu lilikuwa kwenye toroli.

"Haziwezi kuingia kwenye mwanya wa kawaida," nilisema, zaidi kwa nafsi yangu. "Mwanya unaofundishwa ni mwembamba. Zingekwama juu."

Saruji alikunywa chai. "Ila kwenye meno ya darasa la kwanza zinaingia."

Sikumpa raha ya kunisikia nikicheka.

Zilibaki siku nne. Chenga zilikuja Jumatano hiyo hiyo jioni. Mwenye lori alipandisha kioo kwanza, nikamwomba msamaha kupitia kioo, akakishusha kidogo. Alhamisi na Ijumaa watoto walicheza ndani, wakapiga kelele za watoto waliofungiwa, nami nikakwangua mianya ya uwanja mzima kwa kisu na ndoana ya chuma. Kwa mbegu zilizoota juu, hilo lilitosha. Kwa ndago halikutosha. Ndago ina vijikokwa chini, vyeusi, vidogo kama karanga, na ukiacha kimoja umeviacha vyote. Penye ndago nilivinyanyua vitofali, nikachimba mpaka kiwiko, nikauchekecha udongo na kuokota kokwa moja moja, nikizitia kwenye kopo la maziwa. Mgongo ulinitukana kwa lugha zote.

Upande wa geti niliuacha mwisho, kwa sababu ilibidi kuivunja saruji ya mtu. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshafika, na nyundo na tindo.

"Nitaivunja mwenyewe," alisema.

"Mzee, si lazima."

"Nimesema nitaivunja mwenyewe. Sitaki kusikia ukihesabu mapigo halafu uje uniambie ilikuwa mapigo mangapi." Alipiga magoti kwa awamu mbili, goti moja halafu jingine. Ilimchukua asubuhi nzima. Ilipofika mchana alisimama, akalitazama lundo la vipande vya uji wake, akasema, "Haikuwa nzito," akaenda kula.

Tulijaza chenga, tukazishindilia kwa mashine mpaka madirisha yakatetemeka na vikombe vikagongana kwenye misumari, tukajaza tena palipotitia. Jumapili alfajiri Mama Mkubwa alifagia. Sikumwomba asifagie. Nilisimama na kopo la kokwa mkononi nikamwangalia akisugua mwanya mmoja mmoja, na kila aliponyanyua kizoleo nilinyoosha shingo.

Mkaguzi alikuja Jumatatu, siku ya kumi na tano. Mwanamke mfupi, viatu vya kisigino bapa, kalamu mbili. Alizunguka uwanja. Getini alimimina maji ya chupa yake ya kunywa, akatazama saa, akayaona yanazama. Halafu akachuchumaa, akachomeka ufunguo kwenye mwanya. Ufunguo uligoma.

"Mmepiga dawa ya magugu?"

"Hapana," nilisema. "Dawa haipigwi wanapochezea watoto."

"Sasa mmefanyaje? Nina chekechea saba zenye shida hii hii."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nayo yote, yamepangwa: ukubwa wa chenga, ncha zake, upana wa mwanya, njia ya maji, kokwa mia tatu na kumi na mbili kwenye kopo la maziwa.

"Tunafagia," alisema Mama Mkubwa.

"Kila siku?"

"Kila siku, kabla ya jua. Mwanya mmoja mmoja."

Mkaguzi aliandika. Nilichungulia juu ya bega lake. Aliandika: usafi wa kila siku, wa kuigwa. Hakuandika kingine. Akasaini kibali cha mwaka mmoja. Alipokuwa anatoka alisimama mbele ya sanduku la watoto, akaongeza kwa kalamu ya pili kwamba mchanga wa kuchezea unatosha.

Saruji, aliyekuwa ameegemea geti, alipatwa na kikohozi kirefu.

Nilimsubiri mkaguzi akate kona. Nilikuwa nimeandaa maneno, na mengine hayakuwa ya kumwambia mkubwa. Lakini nikiwa natafuta la kuanzia, nikakumbuka kitu ambacho hakikuwa kwenye mtihani wowote. Vumbi litashuka juu ya chenga pia. Litashuka leo na kesho, upepo utaleta mbegu, na baada ya miezi kadhaa patakuwa na udongo wa kutosha juu yake. Kitu pekee kitakachozuia ni mtu wa kulitoa vumbi hilo kila alfajiri, mwanya mmoja mmoja, bila kukosa hata siku ya msiba. Mama Mkubwa hakuwa amemdanganya mkaguzi. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

"Umenuna nini?" aliuliza.

"Sijanuna."

"Basi zoa pale. Amepitisha viatu vyake na matope."

Akanipa kizoleo. Nikazoa. Kulikuwa na matope ya kisigino, uzi, na chenga tatu. Aliziona kabla yangu.

"Hizo si ni za kwako?" alisema. "Zinatoka."

Nilichuchumaa nikazirudisha mwanyani kwa kidole, moja moja, nikazikanyaga kwa kisigino. Mama Mkubwa alisubiri nimalize, fagio mkononi, halafu akalipitisha juu yake kuona kama zitakaa.